Mama Mkunga Alipokwenda Kutazama Geneva

Watu wengi aliwajua kwa jinsi walivyozaliwa. Kwenye kanisa letu la Louisville, baada ya ibada, angesimama mlangoni akipeana mikono na kuninong'oneza: huyu alitanguliza miguu, yule mrefu alikaa siku mbili njiani, mama yake akaniuma mkono, yule mchungaji msaidizi alitoka kimya, tukampiga maji baridi ndipo akalia. Wanaume wazima wenye suti walikuwa wakipita mbele yake wakiinamisha vichwa, kama watoto wanaojua kwamba mtu fulani nyumbani anaijua siri yao.

Sisi tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini tulimwita Mama Muzalishaji. Watanzania na Warundi walimwita Mama Mkunga, na jina hilo ndilo lililonikaa mdomoni. Alikuwa amezalisha milimani, kisha njiani tulipokuwa tunakimbia, kisha kambini kwa miaka mingi. Mimi sikupita mikononi mwake. Nilizaliwa hospitali ya mjini Uvira, na jambo hilo lilimsumbua kidogo. "Weye sikukuona ukitoka," aliniambia wiki ya kwanza tulipofahamiana, "donc itabidi nikujue polepole."

Tuliishi jengo moja, yeye chini na mimi juu. Wote wawili tulikuwa wageni, na hatukujua hata jinsi ya kuzima king'ora cha moshi jikoni. Kilipolia kwangu mara ya kwanza, alipanda ngazi akiwa na ufagio, akakipiga pigo moja kikanyamaza moja kwa moja. Kesho yake meneja wa jengo alikuja na maneno mengi. Yeye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkaribisha chai.

Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache ya kazini, na neno la kuomba msamaha hakutaka kabisa kujifunza. Alisema Wamarekani wanalitumia hata wakikupisha mlangoni, kwa hiyo halina uzito, na yeye hawezi kubeba kitu kisicho na uzito. Kifaransa alikijua vizuri. Alikipata kwa masista wauguzi waliomfundisha ukunga akiwa msichana, na alikihifadhi kama watu wanavyohifadhi nguo ya harusi. Hakuwa na mahali pa kukivalia.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliwachekesha wanawake walio katika uchungu, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti. Alisema mwanamke wa kwetu hana haja ya vitanda vinavyopanda na kushuka, lakini kila binti wa kanisani alipoingia leba, alikuwa wa kwanza kupiga magoti akiwaombea madaktari wa Kimarekani, mmoja mmoja, kwa kazi zao: wa dawa ya usingizi, wa kisu, wa kufuta sakafu. Na kutembea kwa kutembea tu hakukupenda kabisa. Vijana wakimwalika bustanini siku za joto, angeuliza, "Kuna nini kule?" Wakisema hakuna kitu, ni kupunga upepo tu, angejibu kwamba upepo unafika hata jikoni.

Tulihamia Columbus mwaka mmoja, yeye kwanza na mimi miezi michache nyuma yake, kwa sababu huko kazi zilikuwa nyingi. Mimi nilipata ya kutunza wazee katika nyumba moja ya Westerville. Yeye alipata ghala la kufungasha mizigo, saa kumi kwa siku kwa miguu: kukunja boksi, kujaza, kuvuta utepe, kusukuma, na kuanza tena. Nilimpeleka asubuhi kwa gari langu na kumchukua jioni. Mara nyingi njia nzima hatukusema neno. Nilikuwa nimetoka kuwageuza watu wazima kitandani siku nzima, na yeye alikuwa ametoka kwenye boksi zake. Tulikaa kama magunia mawili. Tukifika kwake, alibaki kitini dakika moja au mbili kabla ya kufungua mlango, akiangalia mbele, na mimi sikumharakisha. Nilidhani ni uchovu. Wote tulikuwa nao.

Ilikuwa wakati huo alipoacha kubeba watoto wachanga kanisani. Zamani mtoto akizaliwa, mkono wa kwanza baada ya baba ulikuwa wake. Sasa akipewa, alirudi nyuma hatua moja na kusema ana kikohozi. Kikohozi chenyewe sikukisikia. Kazini kwangu nilikuwa nikishika mikono ya wazee kila siku, nikijaza fomu kuhusu vidole vinavyoshika na visivyoshika kijiko. Mikono ya jirani yangu sikuitazama.

Mwaka 2016 mwanawe wa mwisho, ambaye maisha yalimpeleka Uswisi, alinipigia simu kutoka Geneva. Mkewe alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wao wa kwanza, na mkewe hakuwa na mama. "Dada, nataka mama aje atusaidie," aliniambia. "Lakini hawezi kubadilisha ndege peke yake. Mlete, tafadhali." Mama alikuwa amekwisha kuapishwa uraia na pasi yake ilikuwa mpya kabisa. Mimi nilikuwa na likizo ambayo sikuwahi kuigusa. Tukaenda.

Mtoto hakutungoja. Tulipofika alikuwa na siku kumi na mbili, msichana, mwenye nywele nyingi hadi kwenye paji la uso. Mkamwana alitufungulia mlango akiwa amemshika mkononi, uso umemvimba kwa kukosa usingizi, na bila hata salamu ndefu akamnyooshea Mama yule mtoto.

"Ngoja kwanza ninawe," Mama alisema. "Nimetoka njiani."

Alinawa muda mrefu. Aliporudi, alisimama juu ya kitanda cha mtoto, akafumba macho, akamwombea maombi marefu na mazuri. Hakumgusa. Asubuhi yake, kabla sijamaliza chai, nilimkuta amevaa koti na viatu.

"Bon," akasema. "Nataka kuona huu muji."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Mwanawe alifurahi sana. Alikuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli na hakuwa na nafasi, basi akanichorea ramani kwenye karatasi na kuniambia nimpeleke mama yake kila mahali, polepole, asichoke. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu: asubuhi tunatoka, jioni tunarudi.

Geneva imekaa kwenye ncha ya ziwa, mahali maji yanapobanwa na kuwa mto. Ni mji wa zamani, na umetunzwa mpaka unaogopa kukohoa. Kutoka ziwani kuna maji yanayorushwa juu angani, juu kuliko paa lolote, halafu upepo unayalaza upande kama pazia. Mama aliyatazama kwa muda mrefu.

"Nani anarusha ile maji? Na ni ya kazi gani?"

"Hayana kazi, Mama. Ni ya kupendeza macho."

"Kila siku?"

"Nadhani kila siku."

Akatikisa kichwa, si kwa kulaumu. Akatafuta benchi, akaketi.

Tulikaa kwenye mabenchi mengi. Tuliona saa kubwa iliyopandwa maua ardhini, watalii wakipigana vikumbo kuipiga picha. Mama alingoja mshale wa sekunde uzunguke mara moja, akaridhika. Tulipanda vichochoro vya mawe vya mji mkongwe, tukipumzika kila kona, mpaka kanisa kuu juu kilimani, na ndani yake tukakaa kimya karibu saa nzima kwa sababu palikuwa na baridi nzuri na hakuna aliyetuuliza kitu. Katika bustani moja tulikuta wanaume wanne wakubwa wa mawe, wenye majoho na ndevu, wamesimama ukutani. Nikamwambia walikuwa wachungaji waliobadilisha kanisa zamani. Aliwakagua mmoja mmoja. "Hawa nao," akasema, "kuna mwanamke mwenye aliwapokea."

Jambo lililonishangaza zaidi ni Kifaransa. Kwenye benchi kando ya ziwa, bibi mmoja wa pale, mwenye mbwa mdogo, alitusalimu. Mama akamjibu, pole pole, kila neno limenyooka kama lililopigwa pasi. Wakazungumza juu ya mbwa, juu ya mvua. Kisha yule bibi akamwuliza anafanya kazi gani.

"Mimi ni mkunga," Mama akasema. Hakusema alikuwa. Bibi yule akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza alizalisha wangapi, na Mama akasema aliacha kuhesabu walipoanza kumletea watoto wa watoto. Katika miaka yote ya Amerika sikuwahi kusikia mtu akimuuliza swali lile kwa lugha aliyoweza kujibu. Tulipokuwa tunarudi, alitembea kwa mwendo ambao sikuujua, mwendo wa mtu mrefu zaidi.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Jioni ya siku ya tano nilimkuta mkamwana jikoni akichemsha chupa za maziwa, machozi yakimtoka bila sauti.

"Dada, niambie ukweli," akasema. "Nimemkosea nini mama?"

"Hujamkosea."

"Hajamshika mtoto hata mara moja. Nikimwita ananawa mikono, akimaliza anasema mtoto amelala. Asubuhi anakimbia. Ametoka Amerika yote ile kuja kuangalia bata?" Alikuwa na maana ya bata maji weupe wa ziwani. "Mimi sina mama. Nilimngoja huyu."

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimeamua kumuuliza.

Tulikwenda kwenye gati la mashua ndogo za manjano zinazovusha watu toka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine. Nilinunua chai mbili kwenye vikombe vya karatasi. Nilimpa chake, akakipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia niliposikia chai inamwagika. Kikombe kilikuwa kimepita katikati ya mikono yake kikaanguka mapajani, na mikono ilikuwa bado imebaki vilevile, imezunguka hewa.

Niliruka nikatoa kitambaa.

"Usinipanguse," akasema.

"Umeungua?"

"Haiko moto sana." Mashua moja ikaja, ikateremsha watu, ikaondoka. "Vidole havisikii," akasema. "Tangu mwaka jana. Asubuhi nakuta zimekufa kabisa. Nazipigapiga kwa ukuta, zinarudi kidogo. Ni zile boksi."

"Mama, kwa nini hukuniambia? Mimi hiyo ndiyo kazi yangu."

Alisema, "Unakumbuka mutoto wa yule mwimbishaji wa kwaya, siku ya kumubariki? Walinipa nimubebe. Nikaona anaenda chini. Sikusikia kama anaenda, niliona kwa macho. Mama yake akanyoosha mikono akamupokea, alifikiri mimi ndiye ninamurudishia. Hakuna mwenye alijua. Mimi nilijua."

Koti lake lilikuwa linatoa mvuke kidogo. Nilimwambia mkamwana angeelewa, kwamba alikuwa analia jikoni, kwamba neno moja lingetosha.

"Ataelewa," akasema. "Halafu ataogopa. Mama mwenye ametoka kuzaa, kila mara nikisogea kwa mutoto, roho yake itaruka. Kazi yangu ilikuwa kuondoa woga. Haikuwa kuleta." Akanigeukia. "Usimwambie mutu. Niahidi."

Nilimwahidi. Nilimwahidi nikimtazama machoni. Na jioni ile ile, yeye akiwa bafuni anafua koti lake, niliingia jikoni nikamwambia mkamwana kila kitu.

Sitasema kwamba niliongozwa na kitu kikubwa. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kukaa katikati ya wanawake wawili waliokuwa wanaumizana bila kutaka, katika nyumba ya vyumba viwili, na nikafanya lile lililokuwa jepesi kwangu. Mkamwana alinisikiliza akiwa ameshika chupa.

Asubuhi, Mama alipotoka chumbani na viatu vyake, mkamwana alikuwa amekwisha kukisogeza kiti cha chini, kile chenye mikono, karibu na dirisha. Pande zote mbili alikuwa amepanga mito.

"Mama, kaa," akasema.

Mama akanitazama.

"Umesema."

"Nimesema, Mama."

Alivua viatu, akaviweka sawa, akaketi. Mkamwana akamlaza mtoto kwenye mapaja yake, kichwa kikiwa kwenye mto, kisha akachukua kitenge akakizungusha nyuma ya kiti na mbele ya mtoto, akakifunga fundo ubavuni. Mama hakuligusa lile fundo. Aliinama akamnusa mtoto utosini. Nikatoka nikaenda kusimama kwenye ngazi.

Siku zilizobaki hakutaka tena kuona mji. Alikaa kwenye kiti kile toka asubuhi, akamfundisha mkamwana kwa mdomo: mgeuze hivi, mpandishe begani, hapana, chini kidogo, sasa piga mgongo. Mikono ilikuwa ya mwingine, lakini kazi ilikuwa yake. Nilisikia wakicheka, nilisikia hata yeye. Nikiingia chumbani, kicheko kilipungua, akawa ananijibu kwa adabu. Ndani ya ndege alimwomba mhudumu maji kwa Kifaransa, na mimi nimekaa kiti cha pembeni. Tulipofika Columbus nikamshushia begi mlangoni kwake, na akaniambia, "Asante kwa kunisindikiza," kama unavyomwambia dereva.

Hakurudi ghalani. Baada ya wiki chache nilisikia kwa watu wa kanisa kwamba binti yake mkubwa amemchukua akae naye Buffalo. Hakuniaga. Nilipita mbele ya jengo lake mara kadhaa asubuhi, gari likinipeleka lenyewe kwa mazoea, kisha nikajifunza njia nyingine.

Nilikuja kumwona tena mwaka uliofuata. Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu ya zamani alikuwa anaoza binti yake Buffalo, na mimi nilitoka zamu mbili mfululizo nikaingia barabarani, saa tano za kuendesha, nikinywa kahawa ambayo haikunisaidia. Nilifika mapema kuliko sherehe. Nilikuwa na anwani ya yule binti wa Mama huko North Buffalo, nimeiweka kwenye simu miezi mingi bila kuitumia. Nikaenda.

Mjukuu wa miaka kama saba alinifungulia. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba bibi yuko sebuleni na kwamba nivue viatu kwa sababu mama yake amefuta sakafu. Sikuvivua, nilisimama tu kizingitini, sijui kama nitakaribishwa.

Mama alikuwa amekonda. Alikuwa kwenye kochi kando ya dirisha, na kwenye kifundo cha mkono wa kulia alikuwa na kovu fupi, jipya. Aliona ninalitazama.

"Walinipasua huu," akasema. "Wa kushoto ni mwezi ujao. Kidole gumba kimerudi. Hiki hapa bado kinafikiria."

"Unashika?"

"Sahani nashika. Mutoto bado sijajaribu."

Nikaketi ukingoni mwa kiti. Aliniuliza habari za watu wa Columbus, nani ameolewa, nani amehama. Nilimjibu. Nikamuuliza habari za Geneva, akasema mtoto anatembea, na kwamba mkamwana humpigia simu kila Jumapili na kumwelekezea kioo cha simu sakafuni ili aone miguu.

"Utarudi kuwaona?"

"Nikipona." Akatazama nje, ambako jirani alikuwa akikata majani kwa mashine. "Kule nilichoka muzuri, unajua? Miguu ilikuwa inauma mbele ya kulala, na ilikuwa inauma kwa sababu niliona vitu. Sikujua kama kuchoka kwa namna hiyo iko."

Mashine ya jirani ikazimika. Nilijua kwamba nisiposema wakati ule, sitasema tena.

"Mama, nilivunja ahadi yangu."

"Ulivunja."

"Ulinikasirikia."

"Nilikukasirikia sana. Mingi." Alisema bila kupandisha sauti. "Ile neno ilikuwa yangu. Ningemuambia mwenyewe. Kesho yake, ao kesho kutwa."

"Ungemwambia?"

Alifikiri. Hakuharakisha, na mimi nilikaa nikingoja, macho yakinifumba yenyewe, nikiyafungua kwa nguvu.

"Sijui," akasema mwishoni. "Nafasi ya kujua uliichukua weye."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulikuwa bado mzima kama siku ile. Aliendelea kunitazama, na naona ndipo alipouona uso wangu, jinsi ulivyokuwa.

"Umelala saa ngapi?"

"Bado sijalala. Nimetoka kazini moja kwa moja."

"Na arusi?"

"Ni saa kumi na moja."

Alijisogeza taratibu mpaka mwisho wa kochi, akaniachia nafasi. "Vua viatu," akasema. "Lala hapa. Nitakuamsha."

Nilivua viatu, nikalala. Nilimsikia akimwambia mjukuu azime televisheni, na mjukuu akibisha kwa Kiingereza, kisha kukawa kimya.

Nilipofungua macho, chumba kilikuwa kimeanza kupoteza mwanga. Shuka ilikuwa juu yangu. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na robo. Mama alikuwa palepale, miguu yangu imemgusa paja, hajasogea.

"Mama, harusi," nikasema. "Ulisema utaniamsha."

"Nilisema," akajibu.